Mazoea ya Kwenu kwenye Barabara ya Ugenini

Tarehe 23 Mei 2015, mwanahisabati John Nash na mkewe Alicia walitua uwanja wa ndege wa Newark, Marekani, wakitokea Norway. Siku chache kabla, mjini Oslo, Nash alikuwa amekabidhiwa tuzo ya Abel, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa za hisabati duniani. Walikuwa wameivuka bahari ya Atlantiki salama, kilichobaki ni teksi tu ya kuwafikisha nyumbani. Njiani dereva alijaribu kulipita gari jingine, teksi ikamshinda, ikagonga kingo za chuma za barabara. Wazee hao wawili, mmoja na miaka 86 na mwingine 82, walirushwa nje ya gari na kufia hapohapo barabarani. Polisi walisema ilionekana hawakuwa wamefunga mikanda.

Naanza na kisa hicho kwa sababu msafiri huogopa vitu vingi kabla hajaiogopa barabara. Huogopa ndege ikitikisika mawinguni, huogopa maradhi, huogopa wezi wa pasipoti. Teksi ya kutoka uwanjani anaiona kama mwisho wa safari, mahali pa kuegemea na kupumua. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu kama milioni 1.19 kila mwaka, na kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi yake. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watu wasiokuwa na bodi la gari la kuwakinga: waenda kwa miguu, waendesha baiskeli, waendesha pikipiki na abiria wao. Na mgeni, kwa siku zake chache za matembezi, mara nyingi ndivyo anavyosafiri.

Kwa ninavyoliona jambo hili, mgeni hukosea kwa njia mbili zinazopingana. Kwanza, hubeba mazoea ya kwao ambayo alipaswa kuyaacha: jicho linalotazama upande fulani, mkono unaotafuta indiketa mahali fulani. Pili, huacha mazoea mema ambayo alipaswa kuyabeba: mkanda, kofia ngumu, kukataa gari la dereva mlevi. Kosa la kwanza hutokea bila mtu kujua. La pili hulifanya akijua, kwa kuwa yuko likizo na anaona wenyeji wanafanya hivyohivyo. Tiba zake ni tofauti, ndiyo maana ushauri wa jumla wa "kuwa mwangalifu" hausaidii kitu.

Jicho linapotazama upande usio sahihi

Usiku wa tarehe 13 Desemba 1931, mwanasiasa wa Uingereza Winston Churchill, aliyekuwa na miaka 57, alishuka kwenye teksi mjini New York akaanza kuvuka barabara ya Fifth Avenue. Alipofika katikati akageuza macho kushoto. Kwao Uingereza hivyo ndivyo ilivyo: ukishamaliza nusu ya kwanza ya barabara, magari ya nusu ya pili hukujia kutoka kushoto. New York yalikuwa yanatoka kulia. Gari likamgonga, akalazwa hospitali, na baadaye mwenyewe akakiri kwamba kosa lilikuwa lake.

Mtu mzima mwenye akili timamu hafikirii atazame wapi anapovuka barabara. Alishafundishwa utotoni, shingo ikakariri. Ndiyo maana London wameandika kwenye lami, pale mtu anaposhuka kutoka kando ya barabara, maneno ya kuwaambia wageni watazame kulia. Wanajua kichwa cha mgeni kimeshaamua kabla yeye hajaamua.

Nchi na maeneo kama 75 huendesha magari upande wa kushoto, nako huishi kama theluthi moja ya watu wote duniani. Humo mna Uingereza, Japani, Australia, India, Thailand, Indonesia, Afrika Kusini, Kenya, Uganda na Tanzania. Upande wa kulia wako Marekani, karibu Ulaya bara yote, China, Rwanda, Burundi na Kongo. Mipaka mingine huwalazimisha madereva kubadilisha upande papo kwa papo. Kwenye daraja la kwanza la urafiki juu ya mto Mekong, unatoka Thailand ukiwa kushoto, na ukifika upande wa Laos unavushwa kwenda kulia.

Kwa anayevuka kwa miguu dawa yake ni rahisi na haina aibu: tazama pande zote mbili, kisha tazama tena, hata kwenye barabara ya njia moja, kwa sababu baiskeli hazisomi vibao. Kwa anayeshika usukani mambo ni mazito zaidi, na hapa nataka nikae kidogo.

Sweden ilihamisha magari yake yote kutoka kushoto kwenda kulia tarehe 3 Septemba 1967, saa 11 alfajiri. Wengi walitarajia maafa. Majuma ya mwanzo ajali zilipungua, kwa maana kila dereva alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili huku moyo ukimdunda. Tahadhari ilipolegea, ajali zikarudi. Hapo ndipo palipo somo kwa anayekodi gari nchi ya watu: saa ya kwanza unaogopa, na woga unakulinda. Ogopa zaidi siku ya tatu.

Mimi ilinikuta siku ya tatu. Ilikuwa alfajiri, nimejaza mafuta kwenye kituo kilichokuwa peke yake kando ya barabara kuu, nimepata na kahawa, nimeridhika. Nikatoka kituoni, barabara nyeupe, hakuna gari mbele wala nyuma. Nikashika upande wangu wa kila siku. Baada ya dakika moja hivi nikaona taa za lori mbele, na wazo langu la kwanza, nalikumbuka vizuri, lilikuwa kwamba dereva wa lori amepotea njia. Nikamwashia taa kumwonya. Akapiga honi ndefu isiyokatika, nami ndipo nikauona mstari wa katikati ukiwa upande ambao haukupaswa kuwa. Nilikwenda kusimama kwenye changarawe ya pembeni nikashindwa kushika kikombe.

Tangu hapo nimejifunza mahali kosa hili linapovizia. Ndani ya mji wenye msongamano ni nadra kulifanya, magari yaliyo mbele yako yanakuongoza kama kundi la ng'ombe. Linakuja barabara ikiwa tupu: unapotoka kituo cha mafuta au maegesho, unapoacha barabara ya njia moja na kuingia ya njia mbili, unapopinda kwenye makutano usiku, unapomaliza kulipita gari na mwili ukataka kurudi upande uliouzoea. Linakuja pia kwa mshtuko. Mnyama akiruka mbele yako, mikono itakwepea kule ilikozoea kukwepea.

Kuna kanuni moja inayosaidia kuliko zote, ambayo ni kweli kwenye gari lolote lililotengenezwa kwa ajili ya barabara za nchi uliyopo: dereva hukaa upande wa mstari wa katikati, abiria hukaa upande wa ukingo. Ukijiona umekalia ukingo, umekosea, toka. Mwombe aliye kando yako awe anataja upande kwa sauti kila mnapoanza safari na kila mnapopinda. Ukiwa peke yako, bandika karatasi yenye mshale karibu na usukani. Mizunguko nayo hugeuka: wanaoendesha kushoto huizunguka kama mishale ya saa, wanaoendesha kulia huizunguka kinyume chake.

Mpangilio wa pedali haubadiliki popote, na hilo ni faraja. Kinachobadilika ni gia, ambayo inahamia mkono mwingine, na katika magari mengi vijiti vya usukani hubadilishana nafasi. Utataka kuashiria kwamba unapinda, badala yake vipangusio vitaanza kukwangua kioo kikavu. Ukisikia mlio huo, ichukulie kama habari: mikono yako bado iko nyumbani. Punguza mwendo. Kama bei inaruhusu, kodi gari la otomatiki, linalobadilisha gia lenyewe, ili kichwa kibaki na kazi moja ya kufikiria.

Na usikodi siku ile unayotua. Watafiti waliopima athari ya kukosa usingizi walikuta kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huanza kufanya makosa kama mtu mwenye kilevi cha miligramu 50 katika kila mililita 100 za damu, kiwango ambacho nchi nyingi humkamata dereva. Msafiri wa ndege ya usiku hufikisha saa hizo kabla hata hajachukua mzigo wake. Dawa za kichefuchefu na za mafua nazo huongeza usingizi. Lala kwanza, gari litakungoja.

Sheria zinazofanana kwa sura tu

Alama za barabarani zinamdanganya mgeni kwa kufanana. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 umezifanya nchi nyingi zitumie pembetatu kwa onyo, duara jekundu kwa katazo na duara la buluu kwa amri. Marekani maonyo yako kwenye kibao cha njano chenye umbo la almasi. Kibao cha kusimama, ambacho karibu dunia nzima kina pembe nane, Japani ni pembetatu nyekundu iliyosimama kichwa chini.

Namba pia. Kibao kilichoandikwa 70 Marekani au Uingereza kinahesabu maili, yaani kilomita 113 kwa saa, na ukivuka kutoka Ireland Kaskazini kwenda Jamhuri ya Ireland vibao vinahama kutoka maili kwenda kilomita bila mpaka wa kukusimamisha. Ufaransa na nchi kadhaa jirani, kwenye makutano yasiyo na alama, anayetoka kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita, hata kama anatoka kwenye kichochoro na wewe uko kwenye barabara pana. Marekani, sehemu kubwa ya nchi, unaweza kupinda kulia taa ikiwa nyekundu baada ya kusimama na kuhakikisha ni salama. Jijini New York huruhusiwi mpaka kibao kiseme. Basi la shule likiwasha taa zake nyekundu za kumetameta, magari ya pande zote mbili husimama, isipokuwa, katika majimbo mengi, pale barabara zimetenganishwa katikati.

Hata salamu ya taa si moja. Mahali pengine dereva akikumweka taa anakupisha. Kwingine maana yake ni kwamba anakuja na hatasimama. Usiitegemee. Ngoja gari lenyewe lionyeshe kwa mwendo wake.

Kuhusu kilevi, viwango vinatofautiana hata ndani ya nchi moja: England ni miligramu 80, Scotland ni 50, Sweden ni 20, Hungary na Czechia ni sifuri. Kukariri hesabu hizo ni kazi bure. Ukitaka kuendesha, usinywe.

Leseni ya kimataifa inawachanganya watu wengi, na wapo wanaonufaika na mkanganyiko huo. Ukweli ni kwamba si leseni. Ni tafsiri rasmi ya leseni yako, iliyowekwa kwa mikataba ya kimataifa, hasa ule wa Geneva wa 1949 na ule wa Vienna wa 1968, na lazima uibebe pamoja na leseni halisi. Hutolewa na mamlaka ya nchi iliyokupa leseni, au chama kilichoidhinishwa na nchi hiyo. Tovuti zinazouza "leseni ya kimataifa" ya miaka kumi kwa mtu yeyote mwenye kadi ya benki zinauza karatasi. Angalia pia ni mkataba gani unaotambuliwa unakokwenda: Japani inatambua kibali cha 1949 lakini si cha 1968, na China bara haitambui hata kimoja. Uzito wa jambo hili huonekana siku ya ajali, kwa sababu bima huangalia kwanza kama ulikuwa na haki ya kuendesha.

Ukiwa abiria

Wageni wengi hawagusi usukani. Wanapanda. Na hapa ndipo kosa la pili linapotawala, lile la kuacha nyumbani mambo mema.

Chukua teksi ya kawaida. Unakaa nyuma, unatafuta mkanda, ulimi wa chuma upo lakini tundu lake halionekani. Limezama chini ya kitambaa cha kiti, au limesukumwa katikati ya makalio ya kiti na mgongo wake. Dereva anasema hapana shida, nyuma si lazima. Ingiza mkono mpaka kiwiko, vuta, utalipata mara nyingi. Usiangalie kama dereva anaona umemdharau. Sheria inaweza kuwa upande wake, lakini mwili wako unafuata sheria nyingine: gari likigonga na kusimama, asiyefunga mkanda anaendelea na mwendo uleule hadi akutane na kitu, nacho kwa kawaida ni kiti cha mbele na aliyekikalia. Mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa waliomo garini kwa hadi nusu. Ukikosa kabisa, shuka, tafuta gari jingine. Mwenye mtoto mdogo aagize kiti chake mapema au abebe chake. Mtoto aliyepakatwa hashikiki ajali ikitokea, hata na mikono ya mama.

Kinachowashinda wengi ni kumwambia dereva apunguze mwendo. Wanaona ni utovu wa adabu. Mwendo ukipanda kwa asilimia 1, uwezekano wa ajali ya kuua hupanda kwa asilimia kama 4, kwa hiyo adabu hiyo ina gharama. Jifunze neno moja la lugha ya huko, kabla ya lile la "asante". Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa kuwa lugha nyingi zimelijenga neno hili kama letu, kwa kulirudia: sisi tuna polepole, Waindonesia wana pelan-pelan, wasemaji wa Kihindi dhire dhire, Waarabu shwayya shwayya. Litamke ukitabasamu. Asiposikia, mwambie mtu wenu anatapika. Sijaona dereva aliyekataa kupunguza mwendo kwa sababu hiyo.

Mabasi ya usiku ya masafa marefu ningeyaepuka kila ninapoweza, hata kama yanaokoa kulala hotelini. Dereva amechoka, malori mabovu yameachwa barabarani bila taa, watu na wanyama hawaonekani mpaka uwe juu yao. Mawio na machweo nayo yana hatari zake. Australia saa hizo ndizo za kangaruu kuvuka, na mikataba mingi ya kukodi gari huko inakataza kuendesha nje ya miji usiku. Kaskazini mwa Ulaya ni kulungu wakubwa wa misituni (moose), wenye miguu mirefu kiasi kwamba wakigongwa mwili wote huangukia kwenye kioo cha dereva.

Pikipiki ndiyo inayonihuzunisha zaidi. Kijana ambaye kwao hajawahi kuendesha hata baiskeli ya injini anafika kisiwani, anaonyeshwa skuta, anapewa funguo kwa dakika tano, anaondoka kifua wazi na kandambili miguuni. Katika nchi nyingi leseni ya gari haikuruhusu kuendesha pikipiki, na bima nyingi za safari hazilipi chochote kama hukuwa na leseni yake au hukuvaa kofia ngumu. Yaani upasuaji na ndege ya kukurudisha vitakuwa juu ya familia yako. Kofia iliyovaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74, lakini sharti iwe imefungwa kidevuni. Tikisa kichwa ukiwa umeinama: ikisogea, omba nyingine. Na pasipoti usiiache kwa mwenye pikipiki kama dhamana. Ikikwaruzika, mazungumzo ya fidia yatafanyika huku yeye ameshika njia yako ya kurudi nyumbani.

Nani kasema kwa hiyo ni heri kutembea kwa miguu? Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, pikipiki hazisimami kukupisha, ila zinakupita pembeni kama maji yanavyopita jiwe. Wenyeji huvuka kwa hatua za taratibu zisizobadilika, ili kila dereva ajue watakuwa wapi baada ya sekunde moja. Mgeni anayekimbia, au anayeganda katikati, anaiharibu hesabu hiyo. Subiri mwenyeji anayevuka, simama ubavuni mwake, nenda naye.

Ikitokea

Gari likigongwa, toka barabarani kwanza. Wengi hugongwa na gari la pili wakiwa wamesimama kuangalia bampa. Ufaransa sheria inataka koti la kuakisi mwanga liwe ndani ya gari, si kwenye buti, ili ulivae kabla hujafungua mlango, na ni busara kufanya hivyo popote. Usiondoke, usisaini karatasi usiyoielewa, usikubali kosa kwa sababu tu umezungukwa na watu. Piga picha. Japani kila ajali, hata ndogo, lazima polisi waarifiwe, na bila hati yao bima haisogei. Nchi nyingine huruhusiwi kulisogeza gari mpaka wafike, kwa hiyo muulize anayekukodisha siku unayochukua funguo.

Namba ya dharura ni 112 katika Umoja wa Ulaya wote na India, 911 Marekani na Canada, 999 Uingereza, 000 Australia. Japani gari la wagonjwa ni 119 na polisi 110. Iandike ya unakokwenda kwenye kipande cha karatasi, pamoja na namba ya bima, ya ubalozi wako, jina la ndugu wa kupigiwa, na dawa unazotumia au zisizokupatana. Karatasi, kwa sababu simu itakuwa imepasuka kioo au imefungwa kwa alama ya kidole cha mtu asiyejitambua. Iweke mfukoni mwa nguo uliyovaa, si ndani ya begi.